Topetope Limepinda? Tazama Ua Lake

Pasua topetope lililoiva. Kila mbegu imekaa katika kipande chake cha nyama nyeupe, na kila kipande kilianza kama kijumba kimoja ndani ya ua, kikapata chavua. Kijumba kilichokosa hakinenepi. Upande mmoja ukikosa, tunda hupinda na kudumaa. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakakimbilia dawa ya wadudu. Dawa hiyo hasa ndiyo inayozidisha hasara.

Ua la mtopetope, kama la mstafeli, lina uke na uume pamoja, ila kwa zamu. Kwanza petali zake nene huachana kidogo tu. Chungulia: katikati kuna kichuguu kinachong'aa na kunata. Hapo ua ni jike. Baadaye petali hutanuka, kichuguu hukauka, na stameni zinazokizunguka huachia unga. Sasa ua ni dume, lakini kwake lenyewe chavua hiyo imechelewa. Ni lazima ipelekwe kwenye ua jingine lililo jike bado.

Wapelekaji ni mbawakawa wadogo wanaojipenyeza ndani kufuata harufu. Nyuki hawasaidii sana, maana mwanya wa ua jike ni mwembamba. Usipulize dawa mti unapochanua. Ukiua mbawakawa, umejinyima matunda.

Wakiwa wachache, fanya kazi yao mwenyewe. Alasiri chuma maua yaliyotanuka, yatandaze kwenye karatasi kivulini. Usiyafunge ndani ya mfuko wa nailoni, unyevu utaharibu chavua. Asubuhi yakung'ute: unga wa rangi ya krimu ndio unaoutaka. Utumie asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu chavua ya miti hii hufa upesi, na joto huharakisha kufa huko.

Chukua brashi laini, ichovye, tenganisha petali za ua jike polepole, kisha zungusha brashi kwenye kichuguu chote. Msisitizo wangu uko hapo kwenye kuzungusha. Anayegusa upande mmoja atavuna tunda la upande mmoja. Wahi kabla jua halijakausha ule unato. Chagua maua ya matawi manene yanayoweza kubeba uzito, na ufunge uzi kwenye kikonyo cha kila ua ulilopaka, uyatambue yaliyoshika.

Topetope huchukua takriban miezi 3 hadi 4 kukomaa. Vijumba vikianza kuachana na rangi ya krimu kuonekana katikati yake, lichume kabla popo hawajalifikia.