Dondoo muhimu: Kuutembelea mji wa Vigan

Vigan, makao makuu ya jimbo la Ilocos Sur nchini Ufilipino, uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1999, lakini wageni wengi huondoka wameona barabara moja tu.

1. Nenda kati ya Novemba na Aprili. Miezi ya mvua huja na vimbunga.

2. Fika barabara ya Calle Crisologo mapema asubuhi, kabla ya umati, na inua macho uzione nyumba zake: chini matofali, juu mbao, na madirisha ya kombe za capiz badala ya vioo. Familia za wafanyabiashara wenye damu ya Kichina ndizo zilizojenga nyingi ya nyumba hizi, kwa hiyo kuuita mji huu wa Kihispania tu ni kuwapunja.

3. Vaa viatu bapa.

4. Patana nauli kabla ya kupanda kalesa, gari la farasi.

5. Usiwakose wafinyanzi wa mitungi ya burnay, wala vitambaa vya abel vinavyofumwa kwa mkono.

6. Empanada ya huko, andazi mfano wa sambusa, hutiwa papai bichi, yai na soseji ya nguruwe. Asiyekula nguruwe aombe isiyo na soseji, tena mapema.

7. Salimu kwa Kiilokano: "Naimbag a bigat", yaani habari za asubuhi.