Idhini Tulizozitoa Wenyewe: Maswali na Majibu Juu ya Programu za Matangazo

Katika maradhi yote ya kompyuta niletewayo mezani na watu wa Jinja, na mara kwa mara na watu wa Mbale, hakuna yanayorudi mara nyingi, wala yanayosingiziwa mambo yasiyo yake, kama haya ya programu za matangazo, ambazo huingia katika mashine pasipo mwenyewe kutambua, zikamtolea biashara asizozitaka, zikambadilishia ukurasa wake wa mwanzo, na kumlia bando alilolinunua kwa jasho lake. Hapa nimeyajibu maswali niulizwayo zaidi.

*Swali: Fundi, mimi nina duka la kupiga chapa na fotokopi hapa Jinja. Matangazo ya kamari na maonyo ya vairasi hutokea pembeni mwa skrini hata nisipofungua tovuti yoyote. Kijana mmoja ameniambia ni lazima mashine yote ifutwe. Je, ni kweli?*

Si kweli, bwana, na nakusihi usikubali kufutiwa hati za wateja wako kabla ya kutazama jambo moja jepesi. Aghalabu tangazo litokealo pembe ya chini, upande wa kulia, likiwa na jina dogo la tovuti ndani yake, halitoki katika programu iliyojificha, bali ni arifa ya tovuti ambayo siku moja, ulipokuwa ukitafuta filamu au matokeo ya mpira, ilikuhadaa ubonyeze kuruhusu ili uthibitishe kwamba wewe si roboti, nawe kwa haraka ukaruhusu. Na kwa kuwa kivinjari huweza kuendelea kufanya kazi chinichini hata dirisha lake likifungwa, arifa hizo huja wakati unapodhani umekwisha kutoka katika intaneti.

Fungua Chrome, andika chrome://settings/content/notifications mahali pa anwani, nawe utaona orodha ya tovuti zote zilizopewa idhini; ziondoe usizozijua, na ikiwa hukumbuki hata moja unayoihitaji, ziondoe zote, kisha uzizuie tovuti kuomba idhini hiyo tena. Katika maduka ya namna yako, ambako kila mteja huketi akafungua barua pepe yake na kubonyeza apendavyo, nimekuta orodha ndefu ajabu, na mashine iliyohukumiwa kufutwa ikatulia baada ya dakika 5.

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi hapa Mbale. Nikitafuta jambo katika Google napelekwa kwenye tovuti nisiyoijua, na ukurasa wa mwanzo nikiurudisha leo, kesho umebadilika tena. Haya yalianza nilipopata programu ya kulipiwa, iliyovunjwa kufuli, katika flashi ya rafiki yangu.*

Marahaba, mwanangu. Kwako wewe hasidi amekwisha kuingia ndani, na flashi hiyo ndiyo mlango alioingilia, kwa maana wavunjao kufuli za programu hawafanyi kazi ile kwa sadaka, na mara nyingi hutia ndani yake kitu cha kuwalipa. Kata intaneti kwanza, unakili hati zako za masomo mahali pengine, kisha ufuate utaratibu huu pasipo kuruka hatua.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, uifungue orodha ya programu, uipange kwa tarehe za kusakinishwa, na uitazame kwa makini siku ile taabu ilipoanza; utakuta pengine majina 3 au 4 yaliyoingia kwa siku moja, moja ulilolitaka na mengine yaliyopanda mgongoni mwake. Yaondoe yote, hata lile ulilolitaka. Baada ya hapo andika chrome://extensions katika kivinjari, ukavifute viendelezi usivyovikumbuka, na urudishe mipangilio ya kivinjari katika hali yake ya asili. Bonyeza kwa kulia alama ya kivinjari iliyo mezani pa skrini, usome njia iliyoandikwa katika sifa zake, kwa kuwa nimeona mara nyingi anwani ya tovuti ngeni imebandikwa mwishoni mwake, na mwenye mashine akafuta kila kitu asiutambue mkia huo. Kisha kwa Ctrl, Shift na Esc uvitazame vile viamkavyo pamoja na kompyuta, na kwa kuandika taskschd.msc uitazame ratiba ya kazi zijiendeshazo zenyewe, ambamo hufichwa amri ya kuirudisha programu kila asubuhi.

Hapo ndipo uirudishe intaneti na kuipekua mashine nzima kwa Microsoft Defender, iliyomo tayari ndani ya Windows, na kwa AdwCleaner, ambayo tangu 2016 ni mali ya Malwarebytes na haidai malipo. Ichukue katika tovuti ya Malwarebytes yenyewe, si kwingineko. Ikiwa kiendelezi ulichokifuta kitarejea, tazama kompyuta nyingine uliyoingia kwa akaunti yako ya Google, maana ulinganishaji wa akaunti hukichukua kutoka kule na kukileta hapa.

*Swali: Wenye programu hizi wanapata faida gani kwa kuniudhi?*

Fedha. Hulipwa kwa kila mbonyezo, kwa kila utafutaji uliogeuzwa njia, na hata kwa kila mashine wanayoiingia, na malipo yawapo madogo, wingi wa mashine huyafidia.

*Swali: Tangu Facebook ilipofungwa nchini mwetu Uganda, Januari 2021, natumia VPN ya bure. Je, ina madhara?*

Historia yetu hapa ni ndefu kidogo kuliko hiyo, kwa kuwa tangu Julai 2018, tulipotozwa shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, watu wengi walikimbilia VPN yoyote iliyotokea mbele yao, na kodi ile ilipoondolewa mwaka 2021 na badala yake kuwekwa asilimia 12 juu ya bando, mazoea yalikwisha kukita. Lakini zingatia, bibi, kwamba safari zako zote za intaneti hupita mkononi mwa mwenye VPN, na seva zake zina gharama. Asipokulipisha wewe, huenda analipwa na watangazaji, au kwa habari zako. Ile usiyomjua mwenyewe, iondoe.

*Swali: Nimenunua laptopu iliyokwisha kutumika. Yaweza kuja na programu hizi tangu kiwandani?*

Yaweza, na jambo hilo limewahi kudhihirika. Mwezi wa Februari 2015 iligunduliwa kwamba Lenovo ilikuwa imeuza laptopu zenye programu iitwayo Superfish, ambayo ilitia matangazo katika kurasa, na kwa ajili hiyo ilijipachika hata katikati ya mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, na ufunguo wake ulikuwa mmoja kwa mashine zote, hata aliyeupata aliweza kuwapeleleza wengine. Kampuni iliacha kuipachika, ikatoa chombo cha kuiondoa, lakini mashine zile hazikutoweka duniani. Kwa hiyo laptopu ya mitumba usiirudishe katika hali ya kiwandani ukaridhika, kwa kuwa hali hiyo yaweza kuwa ndiyo yenye kasoro. Sakinisha Windows upya kutoka kwa Microsoft.

*Swali: Skrini imejaa wekundu, inaniamuru nisasishe Flash Player au nipige simu. Nifanyeje?*

Usipige, wala usisasishe. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo kila mwito wa kuisasisha leo ni wa uongo, na Microsoft haiandiki nambari ya simu katika maonyo yake. Ikiwa ukurasa unakataa kufungwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ukizime kivinjari chote, na utakapokifungua tena ukatae kikikuuliza kama urudishiwe kurasa ulizoziacha.