Dondoo muhimu: Kukuza jumuiya ya programu huria

Mgeni akishindwa kusakinisha programu yako siku ya kwanza, ni nadra arudi. Mwombe mtu asiyeijua aisakinishe kwa kufuata maelekezo yako tu. Kaa kimya, andika kila anapokwama, kisha anza kurekebisha hapo.

OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, huwatengea wanaoanza kazi ndogondogo. Nawe waachie kosa la tahajia au tafsiri ya kitufe kimoja, hata kama ungeimaliza mwenyewe kwa dakika mbili. Anayeleta msimbo ajibiwe mapema, hata jibu likiwa hapana. Anayeripoti hitilafu naye amechangia, mshukuru.

Na weka leseni. Bila leseni, hakuna mwenye ruhusa ya kuutumia msimbo wako.