"PUT UP": Maneno Mawili Yenye Maana Nyingi

Mtu aanzaye kujifunza Kiingereza huyajua maneno "put" na "up" katika majuma ya kwanza. "Put" ni kuweka au kutia. "Up" ni juu. Lakini siku ayaonapo yote mawili pamoja katika barua, akayafasiri moja moja, hudhani barua yaeleza habari ya kuweka kitu juu, kumbe mwandishi asema habari ya kodi ya nyumba, au mgeni atakayelala, au shamba litakalouzwa.

Taabu hii si ya watu wa Afrika peke yao. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi yake mashuhuri mwaka 1755, aliandika katika dibaji yake kwamba vitendo vya Kiingereza vinavyofuatwa na neno dogo huwapa wageni mashaka makubwa. Mwaka 1925 Logan Pearsall Smith aliviita vitendo hivyo "phrasal verbs" katika kitabu chake, jina alilopendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Wala Mswahili hana haki ya kuwacheka Waingereza. "Kupiga" maana yake ni kuchapa, lakini mtu hupiga pasi, hupiga kura, hupiga magoti na kupiga hodi, wala hapana aliyeumizwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutoka jasho hapo kama vile Mswahili atokavyo jasho katika "put up".

Maana iliyo karibu na asili ni kuinua au kusimamisha. Mwanafunzi ajuaye jibu aambiwa "Put up your hand", yaani inua mkono. Mtu "puts up" ukuta, au ua, au nyumba: ajenga. "Puts up a tent": apiga hema. Mvua ikianza kunyesha, "puts up an umbrella": afungua mwavuli. Tangazo nalo likibandikwa ukutani, limekuwa "put up". Katika barua za kazi na mapatano ya ujenzi, mahali pa "put up" huandikwa "build" au "erect", na kwa mkono huandikwa "raise".

Kutoka kuinua vitu, Waingereza walihamia kuinua hesabu. "The landlord has put up the rent": mwenye nyumba ameongeza kodi. Neno la heshima zaidi ni "increase" au "raise". Hapa mpangaji yampasa asome sentensi mpaka mwisho, kwa maana akiandikiwa "The house will be put up for sale", haikuongezwa kodi hata senti moja. Nyumba yenyewe inatolewa iuzwe, na huenda baada ya miezi michache akawa na mwenye nyumba mwingine. Maneno mawili "for sale" ndiyo yaliyobadili habari yote. Mtu aliyesoma "put up" akaishia hapo atakwenda kubishana juu ya shilingi, wakati ambapo ingemfaa kuuliza habari za mapatano yake ya kupanga.

Mtu naye huweza kuinuliwa. Chama "puts up a candidate" wakati wa uchaguzi, yaani kinamsimamisha mgombea. Katika maandishi rasmi neno ni "nominate". Fedha pia: tajiri "puts up the money" kwa ajili ya duka au kisima, yaani azitoa yeye, na hapo neno jingine ni "provide". Na mwenye kushindwa vitani bila kukubali kirahisi husemwa "he put up a good fight".

Sasa tufike penye hatari zaidi. "To put somebody up" ni kumpa mtu malazi. "My uncle put me up for two nights" maana yake mjomba alinipa mahali pa kulala siku mbili. Katika barua ya adabu huandikwa "accommodate" au "lodge". Lakini likiongezwa neno dogo "to", maana hugeuka kabisa: "to put somebody up to something" ni kumchochea mtu atende jambo, na mara nyingi jambo hilo ni baya. Neno rasmi lake ni "incite".

Na tumfikirie kijana aliyeitwa kortini kutoa ushahidi. Alisafiri kutoka kijijini, akalala kwa mjomba wake mjini, na kwa kujivunia elimu yake akakataa mkalimani. Wakili amwuliza, "Who put you up to this?" Kijana asikia "put you up", akumbuka kitanda alicholalia, naye ajibu kwa furaha, "My uncle, sir." Yeye adhani amesema nani aliyemkaribisha. Korti imesikia kwamba mjomba ndiye aliyemfundisha maneno ya kusema. Mkalimani hakuwekwa kortini kwa ajili ya wajinga tu, na hapana aibu kwa msomi kumtumia. Tena, Waingereza huita jambo la hila lililopangwa kwa siri "a put-up job", na kijana huyu angeweza kuyasikia maneno hayo kabla ya kuondoka kizimbani.

Neno dogo jingine ni "with". "To put up with" ni kuvumilia au kustahimili. Maneno ya kufanana nalo ni "tolerate", "endure" na "bear". Lina harufu ya lawama ndani yake, kwa kuwa mtu havumilii kitu akipendacho. Hivyo mgeni akimwandikia mwenyeji wake "Thank you for putting me up", ashukuru kwa malazi. Akiandika "Thank you for putting up with me", ashukuru kwa kuvumiliwa, kana kwamba alikuwa mzigo. Waingereza wenyewe husema hivyo kwa unyenyekevu na mzaha, lakini asiyekusudia mzaha ajihadhari.

Mahali pa jina pia panahitaji kuangaliwa. Husemwa "put up the visitor" au "put the visitor up", yote mawili ni sawa. Lakini "him" au "them" lazima likae katikati: "put him up", kamwe si "put up him". Katika "put up with" ni kinyume: jina hufuata mwisho daima, "put up with him". Habari njema ni kwamba "put" haibadiliki kwa wakati uliopita.

Wala maneno ya kufanana hayabadilishani ovyo. "Raise" yafaa kwa mkono na kwa bei, na tena ni kulea watoto. "Erect" yafaa kwa ukuta, lakini bei haiwezi kuwa "erected", na mwenye kuandika hivyo atachekwa. "Accommodate" ni kumpa mtu malazi, na pia ni kutosha watu, kama ukumbi unaochukua watu mia mbili.

Zoezi. Msomaji ajaribu kufasiri sentensi hizi kabla ya kutazama majibu. (1) The shopkeeper has put up the price of sugar. (2) Our neighbours put us up during the floods. (3) She will not put up with that noise. (4) Those boys are not thieves; somebody put them up to it.

Majibu. (1) Mwenye duka ameongeza bei ya sukari. (2) Jirani zetu walitupa malazi wakati wa mafuriko. (3) Hatavumilia kelele zile. (4) Wavulana wale si wezi. Yuko mtu aliyewachochea.