Punje Moja Chungu

Kijana mwenzangu, umewahi kutafuna karanga, mara ukakutana na moja chungu ukatema zote? Ile karanga imeharibika. Lakini ipo mbegu ya jamii ya kunde ambayo uchungu imezaliwa nao. Inaitwa lupini. Huko Gojjam, Ethiopia, wanaiita gibto, na huitafuna kama sisi na karanga.

Uchungu unatoka wapi?

Unatokana na kemikali ziitwazo alkaloidi. Ndugu zake unawajua: kafeini ya kahawa, nikotini ya tumbaku, kwinini ya malaria. Mmea hujikinga nazo dhidi ya wadudu na wanyama. Mtu akila nyingi, mdomo hukauka, macho huona ukungu, kichwa huzunguka na moyo huenda mbio. Si mchezo! Akipatwa na hali hiyo, awahishwe kituo cha afya.

Je, mbegu zote ni sawa?

Hapana. Kilo moja ya lupini chungu yaweza kuwa na gramu 10 za alkaloidi au zaidi. Kule Australia, unga wa lupini hauruhusiwi kuzidi gramu 0.2 kwa kilo. Ukisaga mbegu za gunia zima ukapima, unapata wastani tu, na wastani huficha zile kali. Ndiyo maana miaka ya 1920 Mjerumani Reinhold von Sengbusch alipima mmea mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu, hadi akapata michache isiyo na uchungu. Lupini tamu zikaanzia hapo.

Mbona tamu hurudi kuwa chungu?

Kumbuka somo la jenetiki: uchungu ni sifa tawala, utamu ni sifa fifi. Nyuki akileta chavua kutoka shamba la lupini chungu, mbegu utakazovuna bado zitakuwa tamu, maana alkaloidi za mbegu hutoka kwa mmea mama. Ila zipande uone: mimea yake itazaa chungu!

Tufanyeje?

Moto peke yake hautoshi. Alkaloidi huyeyuka katika maji, hivyo mbegu hupikwa, kisha hulowekwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa mpaka uchungu uishe. Ulimi ukikuambia chungu, tema. Usione haya.

Jadilini darasani: Mkulima ana shamba la lupini tamu, jirani yake ana chungu. Mtamshauri nini kuhusu mbegu za msimu ujao?