SOMO LA VIKUNDI: PESA YA KIKUNDI IKIVUKA MPAKA



Kutoka hapa Nyanchwa, ukipitia Rongo na Migori, unafika Isebania. Ukivuka tu, uko Sirari, Tanzania. Shilingi ni jina moja, lakini pesa ni mbili. Kikundi kikituma watu kununua maharagwe au mchele upande ule, mtaji wa wanachama wote uko mfukoni mwao. Basi tujifunze kuulinda.

1. Kabla ya safari. Tutume watu wawili, sio mmoja. Kiasi walichopewa kiandikwe kwa daftari na wote wawili watie sahihi. Nauli na chakula viwekwe kando na pesa ya mali.

2. Kubadilisha. Tangu Machi 2025, sheria ya Tanzania inakataza kutaja bei au kulipia bidhaa humo nchini kwa pesa za kigeni. Kwa hivyo lazima tubadilishe. Twende benki au duka lenye leseni, tuhesabu hapo hapo mbele ya karani, na tuchukue risiti. Yule anayekufuata njiani akikuharakisha, mwache aende zake.

3. Hesabu. Tuseme duka moja linanunua shilingi ya Kenya kwa 19 za Tanzania, lingine kwa 18. Kwa shilingi 20,000 zetu, la kwanza litatupa 380,000, la pili 360,000. Kwa kuuliza tu tumeokoa 20,000 za Tanzania, zaidi ya elfu moja ya kwetu!

Pia tusibadilishe kupita kiasi. Tuseme duka lile la 19 linauza shilingi ya Kenya kwa 20. Ukirudi na 40,000 za Tanzania utapata 2,000, na wakati wa kwenda zilikugharimu kama 2,105. Umepoteza mia moja na kitu bila kununua chochote.

4. Simu. Pesa iliyo kwa M-Pesa ya Kenya itolewe ukiwa bado Isebania. Tangu 2015 inawezekana pia kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya hadi M-Pesa ya Tanzania. Kwanza uliza ada na kiwango cha kubadilisha, na uhakikishe namba na jina la muuzaji. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anakusaidia.

5. Kurudi. Mali iliyozalishwa Afrika Mashariki, ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha asili hapo mpakani na haitozwi ushuru wa forodha. Ada zingine zinaweza kuwepo. Risiti ya muuzaji ndiyo itaonyesha thamani, kwa hivyo usiitupe. Ukifika nyumbani, risiti zote zisomwe mkutanoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili:
- Ni nani katika kikundi chetu wanafaa kutumwa, na kwa nini?
- Pesa ikipungua njiani, tumekubaliana tutafanya nini?
- Kila mmoja apige hesabu: shilingi 7,500 kwa kiwango cha 19 ni ngapi?