Kumhoji kiongozi si utovu wa adabu



Barazani, kwenye daladala, hata nje ya msikiti baada ya swala, malalamiko ni yale yale: viongozi wanakula na hakuna anayewauliza. Na mazungumzo huishia pale pale: "Tumwachie Mungu, watajibu Kiyama." Ni kweli watajibu. Lakini je, hesabu ya Kiyama inafuta hesabu ya duniani?

Tuangalie Sunna. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, akusanye zaka za Bani Sulaym. Aliporudi alitenga mafungu mawili: hili lenu, hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) hakuishia kumkanya yeye tu. Alisimama akawahutubia watu juu ya jambo hilo bila kumtaja mhusika, akihoji: kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hizo zitamfuata?

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mali iliyopatikana kwa sababu ya cheo inahojiwa hata ikiitwa zawadi. Pili, mali ya umma huulizwa mbele ya umma, tena bila matusi. Hivyo anayeuliza kwa heshima hajavunja adabu. Amefuata Sunna.

Sasa tujitazame Tanzania. Ukaguzi wa akaunti ya EPA katika Benki Kuu ulionyesha kuwa mwaka 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo sahihi kwa makampuni 22. Mwaka 2008 serikali ikawapa wahusika hadi Oktoba 31 warudishe fedha, na atakayerudisha asishtakiwe. Baadhi walifikishwa mahakamani baadaye. Lakini mwizi wa kuku, nani aliwahi kumpa tarehe ya kurudisha kuku? Yeye huvishwa tairi.

Hilo ndilo alilolikemea Mtume (s.a.w.) pale Usama bin Zaid alipokuja kumwombea mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba. Alieleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwachia mwizi mwenye hadhi na kumwadhibu mnyonge.

Tufanye nini? Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufikishwa bungeni kila mwaka. Mbunge akija kwenye mkutano tusimwombe jezi za mpira. Tumuulize halmashauri yetu imetajwa kwa lipi humo, naye amefanya nini. Kijijini, tudai mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Na tuanzie nyumbani. Kamati ya msikiti wako ilisoma lini hesabu za sadaka? Kama tunaona haya kumuuliza mweka hazina tunayeswali naye safu moja, waziri tutamuulizaje?

Wabillahi Tawfiq.